Bakuli Lililorudi Kuwa Udongo

Mzee aliinua mikono, bakuli likabaki peke yake juu ya gurudumu.

Lilikuwa bado linazunguka. Limelowa, rangi ya maji ya mchele, mdomo wake umenyooka sawasawa pande zote. Muda mfupi kabla ya hapo palikuwa na bonge la udongo tu. Sisi wanawake kumi na wanne tuliosimama nyuma ya kamba tukapiga makofi, simu zikiwa juu. Mwongozaji wetu akainua kibendera chake cha njano, akasema twendeni, kuna kundi jingine mlangoni.

Nilitoka wa mwisho. Nikageuka kumtazama mara moja tu, nikamwona mzee ameweka viganja vyote viwili juu ya lile bakuli. Akalibonyeza. Likaketi chini bila sauti. Akaliunganisha na bonge lake, akachovya mikono kwenye maji, akasubiri wageni wapya waingie.

Hiyo ilikuwa Jingdezhen, mji wa wafinyanzi wa kauri nchini China, mwezi wa tano. Nimesharudi Dar, mzigo umeshatoka bandarini, na nusu yake imeshauzwa.

Lile bakuli bado halijaniachia.

Jicho la katoni

Mnaonisoma hapa mnaijua kazi yangu. Nauza vyombo Kariakoo, mwaka wa kumi na moja huu: sahani, bakuli, vikombe vya kahawa, seti za maharusi. Nikifika China naishia Guangzhou, na mara chache nasogea hadi Chaozhou, mji ambao viwanda vyake vya vyombo vya mezani havilali. Najua katoni inabeba dazeni ngapi. Najua vingapi vitavunjika njiani hata tukifunga vipi. Nikigonga sahani kwa ukucha, mlio wake unaniambia kama imeiva au imeunguzwa harakaharaka.

Lakini kwa miaka yote hiyo nilikuwa sijaona mkono wa binadamu ukiugusa udongo ambao baadaye naufungua dukani kwangu ukiwa sahani.

Ndiyo maana lilipotokea tangazo la siku nne za kutembezwa kuona utamaduni wa asili wa Wachina, kwenye kundi letu la wafanyabiashara, nililipa siku ileile. Tulikuwa mchanganyiko: Dar, Tanga, Mombasa, wawili wa Kampala, na mama mmoja wa Lubumbashi ambaye Kiswahili chake kilitufurahisha njia nzima. Treni ya mwendo kasi kutoka Guangzhou hadi Nanchang, kisha basi mpaka Jingdezhen.

Mengine ya safari ile nayapitia upesi. Tuliandika kwa brashi herufi moja ya baraka, kila mtu yake. Tulikunywa chai kwenye vikombe vidogo kama vya kahawa yetu ya jioni, na hiyo niliipenda kwa dhati, maana aliyetumiminia hakuwa na haraka. Tulivalishwa magauni marefu ya kukodi, ukapigwa picha, ukavua, akavaa mwenzako. Bi Mkubwa wetu wa Tanga alikataa gauni. Alisema, "Wanangu, nguo ya watu ina shughuli yake. Mimi hapa sijaalikwa shughuli." Akakaa pembeni ametulia kwenye khanga yake, nami nikawa nimeshavaa.

Kila mahali tulipewa dakika arobaini. Duka la kununua zawadi ndilo pekee tulilokaa saa moja na nusu.

Hasira yangu ya usiku ule

Hotelini usiku sikulala. Nilikuwa nimekasirika, na hasira yenyewe sikuielewa.

Nilimwuliza dada mwongozaji tukiwa kwenye basi: kwa nini yule mzee amelibonyeza bakuli? Akajibu papo hapo, kwa tabasamu, kwamba lile ni la kuonyesha tu. Jibu lilikuwa jepesi mno. Ni dhahiri alishaulizwa hilo mara nyingi. Na hakuwa amemwuliza mzee. Alijibu kwa niaba yake, nami nikalipokea, nikaenda nalo chumbani, likaanza kunichoma.

Kama lile lilikuwa la kuonyesha tu, basi nilichotazama ni nini? Nilihisi nimelipa kuona kazi nikaonyeshwa mchezo.

Halafu, kwenye saa nane za usiku, nikamkumbuka binamu yangu.

Mimi ni mtoto wa Kunduchi. Binamu yangu alikuwa mpiga ngoma, na kila Jumamosi yeye na wenzake walikwenda kupiga mdundiko kwenye hoteli za ufukweni. Dakika ishirini, wageni wakiwa mezani, kisha mwisho. Sisi watoto tulisimama nyuma ya jiko la hoteli, mahali walipokangia ngoma zao. Waliwasha moto wa makuti, wakazigeuza ngozi taratibu, wakagonga, wakasikiliza, wakarudisha motoni. Kukanga ngoma kulichukua muda mrefu kuliko kuipiga. Mgeni hata mmoja hakupata kuuona moto ule.

Na wiki hiyohiyo ungewakuta vijana walewale kwenye harusi ya mtaani, wanapiga barabara nzima mpaka jasho linatiririka, hakuna anayewahesabia dakika. Mikono ni ileile. Nani angethubutu kuniambia kwamba ya Jumamosi haikuwa ngoma?

Ila, kusema ukweli, ya Jumamosi haikuwa sawa na ya harusi. Kila mmoja wetu pale nyuma ya jiko alilijua hilo.

Nikalala na mawazo hayo mawili, hakuna lililolishinda jingine.

Nikarudi peke yangu

Siku ya tatu mchana ilikuwa huru, ya manunuzi. Nilimuaga Bi Mkubwa, nikapanda teksi, nikamwonyesha dereva picha ya geti la kule kwa mzee kwenye simu. Nikalipa kiingilio mara ya pili.

Makundi yalikuwa yameenda kula. Na mzee alikuwa anakula: wali na mboga za majani kwenye kopo la plastiki, vijiti mkononi, amekaa kwenye kibao pembeni ya gurudumu lake. Mfinyanzi hulia gaeni, wazee wetu walishasema. Nyuma yake ubao mrefu ulijaa mabakuli ya kauri mabichi, na chakula chake kiko kwenye plastiki. Nilipata uchungu kidogo, nikatazama kando mpaka alipomaliza.

Kisha akaanza kazi, na mimi nikakaa. Nilikaa saa mbili.

Gurudumu lenyewe liko chini, karibu usawa wa sakafu, naye anakaa juu yake amepanua miguu. Halina mota. Anachukua fimbo, anaiingiza kwenye tundu lililo pembezoni mwa gurudumu, analizungusha kwa nguvu mara kadhaa, anaiweka fimbo, anainama. Ana muda ule tu ambao gurudumu bado lina kasi. Likianza kuchoka, bakuli liwe limeshainuka. Nilimhesabia kwa mazoea ya biashara: tisa. Saba aliyakata kwa uzi akayapanga kwenye ubao. Mawili aliyabonyeza.

Hakukuwa na kundi lolote. Nilikuwepo mimi peke yangu, na kwa sehemu kubwa ya muda ule nadhani alishanisahau.

La kwanza lilipobonyezwa nilishindwa kuvumilia. Nikaandika swali kwenye programu ya kutafsiri, nikamsogezea simu. Akasoma kwa kukunja uso. Hakujibu. Akafinyanga bakuli jingine, na lilipoinuka akanionyesha kwa ishara niweke dole gumba ndani na kidole cha shahada nje, nishike ukuta wake, naye akalizungusha gurudumu polepole kwa mkono.

Udongo ule ni laini kama samli iliyoganda. Ulipita kati ya vidole vyangu, ukapita, ukapita, halafu mahali fulani ukanenepa. Kidogo sana. Kwa macho lilikuwa bakuli zuri kabisa, lingekuwa la kwanza kununuliwa dukani kwangu. Kidole ndicho kilichojua.

Akaniangalia kuhakikisha nimeelewa. Akalibonyeza. Kisha akaongea kwenye simu yangu maneno mafupi, na tafsiri ikaja: "Hili halitafika."

Halitafika wapi? Ilinichukua muda. Ukuta ulionenepa upande mmoja haukauki wala haunywei sawa na mwenzake. Ukiingia kwenye moto wa nyuzi zinazokaribia 1300, bakuli linapinda au linapasuka. Halitafika mwisho wa moto.

Sikumwuliza kuhusu lile la juzi, lililotupigisha makofi. Nilitaka, nikaona haya. Huenda lilikuwa la kuonyesha kama dada alivyosema. Huenda lilikuwa na unene upande mmoja na sisi kumi na wanne, simu juu, hatukuwa na njia ya kujua. Kamba ilituweka mbali na jambo pekee lililostahili kuguswa.

Kitako huja mwisho

Baada ya hapo nilikwenda benchi kwa benchi. Kinyozi wa mabakuli, ndivyo nilivyomwita moyoni, alikuwa na mabakuli yaliyokauka, anayakwangua kwa chuma kilichopinda. Kabla ya kukwangua analigonga bakuli kwa ncha za vidole, tap, tap, mpaka likae katikati ya gurudumu, na sikio lake liko pale. Nilifurahi kuona kumbe hata wao wanasikiliza.

Lakini kilichonishangaza ni kitako. Mabakuli yote pale yalikuwa na kipande kinene cha udongo chini, hakijachongwa. Hicho ndicho kishikio. Mchoraji anashika hapo, anayelichovya kwenye ule uji mweupe unaogeuka kioo motoni anashika hapo. Kila mmoja akishamaliza, ndipo fundi wa mwisho anakichonga kile kipande kuwa duara jembamba, lile duara ambalo bakuli hukalia mezani. Miaka kumi na moja napangusa vitako vya bakuli kwa kidole nikitafuta ufa, na sikujua kwamba hapo ndipo mkono wa mwisho ulipogusa kabla ya moto.

Wachoraji nao kila mmoja ana kipande chake cha kazi. Huyu anachora mistari ya nje tu, yule anajaza kivuli cha rangi ndani ya mistari ya mwenzake. Song Yingxing, msomi wa Kichina, katika kitabu chake cha ufundi cha mwaka 1637, aliandika kwamba chombo kimoja hupita mikono 72 hadi kukamilika. Na wote hao hawaioni rangi wanayoipaka! Kobalti ikiwa mbichi ni nyeusinyeusi, kama masizi yaliyochanganywa na maji. Buluu hutokea motoni. Kikombe nilichochora mimi siku ya kwanza kilikuwa cha huzuni tupu, na kimetumwa kwa wakala wetu wa mizigo Guangzhou kinangoja kontena lijalo. Nasubiri kuona kama buluu ilikuja.

Vigae vya mfalme

Asubuhi ya mwisho tulipelekwa kwenye eneo la tanuri za kifalme. Hapa dakika arobaini ziliniumiza kuliko popote.

Chini ya ardhi ya pale, kuanzia miaka ya 1980, wachimbuaji wametoa marundo ya vigae vya enzi ya Ming, ukoo wa wafalme wa China (1368–1644). Vyombo vya mfalme vilivyotoka motoni na dosari havikuuzwa wala kupewa mtu. Vilivunjwa makusudi na kufukiwa hapohapo, raia asije akala kwenye sahani ya mfalme. Karne kadhaa baadaye watu wakakaa chini wakaviunganisha, kigae kwa kigae. Vimewekwa kwenye kabati za kioo, na pale ambapo kigae hakikupatikana pamezibwa kwa jasi nyeupe.

Wenzangu walipita. Mimi nilisimama mbele ya bakuli moja lenye makovu, nikitafuta dosari iliyolihukumu. Sikuiona.

Nikamfikiria mzee na kidole chake. Bakuli la mfalme lilivunjwa ili asilipate mtu mwingine. La mzee lilirudi kwenye bonge, na saa hiyohiyo likawa bakuli jingine. Kule kubonyeza kulikoninyima usingizi kulikuwa na huruma kuliko hiki kilichohifadhiwa kwa vioo.

Sisi tuliofinyangiwa

Dada mwongozaji, akisikia tu tumetoka Afrika Mashariki, alituhadithia Zheng He, nahodha wa mfalme wa China, na merikebu zake, na twiga aliyepelekwa kutoka Malindi mwaka 1415. Tulimsikiliza kwa heshima, hadithi hiyo tunaijua tangu shuleni. Lakini merikebu zile zilikuja mara chache. Mabakuli yalikuja pwani kwetu kwa karne nyingi, na mengi yalikuja bila Mchina yeyote, yakibadilisha majahazi bandari kwa bandari, mikononi mwa Wahindi, Waajemi na Waarabu, yakingojea kaskazi kama abiria wengine.

Na ile buluu yenyewe, iliyowapa sifa katika karne ya 14, kobalti yake ilitoka Uajemi. Mafundi wa Jingdezhen walipokea rangi ya kigeni, wakatengeneza masahani mapana kuliko walivyoyahitaji wao, kwa sababu wanunuzi wa Uajemi na Uarabuni ni watu wa kula pamoja, sinia moja. Katika enzi ya mfalme Zhengde (1506–1521) vilitoka vyombo vyenye maandishi ya Kiarabu na Kiajemi.

Hapo ndipo hasira yangu iliponiishia mikononi. Nilikuwa nimekwenda kutafuta kitu ambacho hakikutengenezwa kwa ajili ya mgeni. Mji ule umekuwa ukifinyangia wageni kwa karne nyingi. Kumfinyangia mgeni ndiyo mila yao yenyewe. Kilichobadilika ni mgeni. Wa zamani alikuwa mnunuzi: alisema nataka pana zaidi, nataka kina kifupi, nitie jina la Mungu pembeni. Aligonga, alikataa, alirudi mwaka uliofuata. Sisi tulipewa kamba ya kusimama nyuma yake na tukaombwa macho tu.

Na mimi, mnunuzi kwa kazi, kwa miaka kumi na moja nimechagua kutoka kwenye katalogi. Sijawahi hata siku moja kumwambia mtu wa kiwandani bakuli la uji la kwetu linavyotakiwa likae kiganjani. Hili linaniuma kuliko dakika arobaini za mtu yeyote.

Kunduchi

Jumapili iliyopita nilikwenda magofuni, na mpwa wangu wa miaka tisa. Mibuyu iko palepale. Makaburi ya nguzo yako palepale, ya karne ya 18, na kwenye nguzo zile waliojenga walipachika sahani na mabakuli ya Kichina ndani ya chokaa. Si yote ya Jingdezhen, mengi ya namna hii yalifinyangwa Fujian, jimbo jingine la China. Nilipokuwa na umri wa mpwa wangu tulikuwa tunaokota vigae ufukweni baada ya maji kupwa, vya buluu na vyeupe, tukavifanya sahani kwenye mchezo wa baba na mama. Hakuna aliyetuambia vimetoka wapi. Vilikuwa vya bahari tu, kama kauri zenyewe.

Mabakuli mengi ya kwenye nguzo yameng'olewa siku nyingi. Yamebaki mashimo ya duara, na utotoni tuliyaona ni mashimo tu, tukitia ndani maua ya mwituni.

Safari hii niliinama nikachungulia ndani ya moja, kwa taa ya simu. Chini kabisa, kwenye chokaa, kulikuwa na alama. Duara jembamba, limezama kiasi cha unene wa ukucha, limekamilika. Chokaa kilikuwa kibichi siku walipolipachika bakuli, kikashika umbo la kitako chake, na aliyeling'oa bakuli hakuweza kuondoka na alama hiyo.

Nilikaa pale muda mrefu mpaka mpwa wangu akaacha kurusha mawe kwenye mbuyu akaja kusimama nyuma yangu.

"Shangazi, unatafuta nini humo?"

Nilimshika mkono, nikauingiza shimoni.

"Weka kidole hapa," nikamwambia. "Sasa zungusha polepole."